Sauti ya Pili

Siku hiyo mjinga alikuwa yeye, na wala hakusukumwa na mtu. Aliingia shimoni kwa miguu yake mwenyewe, tai shingoni.

Kampuni ilitengeneza friji. Yeye alikuwa mkuu wa mipango, na mezani palikuwa na mkakati wa miaka kumi alioutolea jasho: ghala liendeshwe na roboti, mitambo ijikague yenyewe. Aliisomea bodi kurasa zote bila kusikia chochote moyoni, kama mtu anayesoma orodha ya vipuri. Uamuzi mmoja tu ndio uliobaki. Kitengo cha simu: wabaki wale wanawake kumi na wawili, au ije mashine inayozungumza?

Mkuu wa kitengo hicho alikuwa mama yake mzazi. Alikuwa ameketi mwisho wa meza, kwa sababu kampuni ile haikuwa ikimwachisha mtu kazi bila yeye mwenyewe kuwepo. Asubuhi, wakitoka nyumbani, alikuwa ameanza, "Mwanangu, kuhusu hizo simu..." naye akamkatiza: "Mama, hebu niachie mimi."

Fundi wa mashine hiyo akawasikilizisha simu mbili za jana, moja imepokewa na mama, nyingine na mashine iliyofundishwa kuiga sauti yake, bila kusema ipi ni ipi. Zilifanana kama mapacha.

Ya kwanza ilisema: "Namba ya friji. Subiri. Fundi atakuja Alhamisi." Basi.

Ya pili ikacheka kidogo. "Pole jamani! Na nyama yote hiyo? Hebu iwahishe kwa jirani kwanza, halafu ndiyo tuhangaike na friji."

Wazee wa bodi wakajikuta wanatabasamu. Naye, ganzi ya wiki nzima ikamlegea kidogo kifuani. Kicheko kile ndicho kilichomlea.

"Mmesikia wenyewe," akasema, akisimama. "Ile ya kwanza ni bati tupu. Hii ya pili ni mtu. Hakuna mashine itakayompa mteja pole ikamfika. Nikikosea, kifuteni kitengo kizima."

"Una hakika, kijana?" mwenyekiti akauliza. "Maana hayo nayaandika."

"Andika, mzee. Mtoto hasahau sauti ya mama yake."

Mwenyekiti akaandika. Mama akafumba macho.

Fundi akafungua bahasha, akasoma bila kuinua uso. "Ya kwanza, mtu. Ya pili, mashine."

Hakuna aliyecheka. Kalamu ya mwenyekiti ikapita juu ya mstari wa kitengo cha simu, taratibu, ikaukata.

"Haiwezekani!" akamgeukia mama yake. "Mama, waambie! Yule anayecheka si wewe?"

Mama akavua miwani, akaikunja.

"Nilikuwa mimi, zamani, mwanangu. Mashine waliifundisha kwa simu walizonirekodi ulipokuwa shule ya msingi. Hilo bati ndilo unaloishi nalo."