Kura ya Mzee Hosea

Verlene alizima mtambo wa joto wa nyumba nzima, akafungua dirisha la chumba cha baba yake, baridi ya Novemba ikaingia bila hodi. Mzee Hosea Gaddis alikuwa amekata roho alfajiri hiyo ya Jumatatu, na binti yake hakutaka mtu ajue mpaka kesho saa mbili usiku, vituo vya kura vitakapofungwa.

"Ni kesho tu, Thurman," alimwambia mdogo wake. "Baba hana haraka tena."

Thurman alisimama mlangoni, koti bado mwilini. Alielewa upesi. Wiki mbili nyuma mzee alikuwa amepiga kura kwa posta, Verlene akimshikia kalamu kwa sababu mikono ilikuwa ikitetemeka. Na sheria ya Michigan haina huruma: ukituma kura yako kisha ukafa kabla ya siku ya uchaguzi, karani wa uchaguzi akipata habari, bahasha yako inawekwa kando bila kufunguliwa.

Thurman alijulikana mji mzima wa Saginaw kwa sauti yake. Miaka sita, kila alasiri, yeye mtu mweusi alikuwa akiwaambia weusi wenzake redioni kwamba chama cha Democrat kimewageuza mali ya urithi. Wanawajia kanisani kila uchaguzi, alisema, wanakula kuku wenu, wanapiga makofi nje ya mdundo, wanaondoka. Hawawaulizi mnataka nini, kwa kuwa wanadhani wanajua mtakachofanya. Alikuwa anasema kweli, na wengi walijua ni kweli, ila msaliti walimwita vilevile. Mwaka huu alikuwa ameweka jina lake lote rehani kwa ajili ya Dale Hostetler, mgombea wa Republican wa kiti cha Kongresi. Hostetler na Bi Oakes wa Democrat walikuwa wamekabana koo, na Thurman alitaka ushindi huo ili ionekane kwamba hakutukanwa bure.

Mzee Hosea alikuwa Democrat miaka hamsini na miwili. Aliingia chama wiki ileile aliyoingia kiwanda cha kuyeyusha chuma, na hakuna aliyemsikia akisema vinginevyo. Tangu mwanawe aanze kipindi kile, wawili hao waliongea habari za theluji na mpira tu. Verlene aliwahi kudokeza kuwa mzee hakosi kipindi hata siku moja. Thurman alidhani anasikiliza ili apate cha kulaani.

"Aliniapisha kwa Biblia," Verlene alisema. "Kura yake ihesabiwe. Hakuomba kingine, hata dawa."

"Chama chenu kina njaa gani mpaka kinataka na maiti?"

"Umewahi kumuuliza alimpigia nani?"

"Kuna mtu mji huu asiyejua?"

Verlene alitazama kitanda cha baba yao. Akamwomba tena, mara hii kwa jina la mama yao, asubiri mpaka kesho saa mbili. Thurman alikuwa ameshatoa simu. Alimwita nesi wa mzee aje athibitishe kifo, na nesi alipomaliza kazi yake, akampigia karani wa uchaguzi yeye mwenyewe. Alitaja jina kamili la baba yake na tarehe ya kuzaliwa, polepole, lisije likatokea kosa. Karani alimpa pole, akasema bahasha itawekwa kando.

Alasiri hiyo hakuomba ruhusa ya msiba. Aliingia hewani akasema baba yake amefariki, na kwamba watu wa damu yake mwenyewe walitaka kumhifadhi kwenye baridi kama nyama ya bucha ili Democrat wasikose kura moja. Hayo ndiyo mapenzi yao kwetu, alisema. Simu za wasikilizaji zilimiminika mpaka kipindi kikaongezewa nusu saa. Verlene aliyasikia yote akiwa kwa watengeneza majeneza, akichagua rangi ya kitambaa cha ndani.

Siku ya maziko dada huyo alikaa ncha nyingine ya benchi. Baada ya ibada, kwenye ukumbi chini ya kanisa, akina mama walimpakulia Thurman kuku na sukuma wiki bila kumtazama usoni. Hakujali sana. Alikuwa na jambo kubwa zaidi la kungoja.

Kura zilihesabiwa, zikarudiwa, zikarudiwa tena. Wiki tatu baadaye ikatangazwa kwamba Hostetler na Oakes wametoka sawa, hakuna aliyemzidi mwenzake hata kwa kura moja. Kwa jambo kama hilo sheria inataka karatasi mbili, moja ya aliyechaguliwa na moja ya asiyechaguliwa, zikunjwe na kutiwa kisandukuni, kila mgombea avute yake. Hostetler alivuta iliyoandikwa kwamba hakuchaguliwa.

Siku ile ile Thurman alikwenda kwenye nyumba ya marehemu. Verlene alikuwa akikunja suruali za baba yao na kuzipanga kwenye maboksi ya kanisa. Thurman aliketi kitandani, na kwa mara ya kwanza tangu msiba machozi yakamtoka.

"Kura moja, dada," alisema. "Miaka sita nimepiga kelele, na sikuweza kumgeuza mtu mmoja."

Verlene alimaliza kukunja suruali iliyokuwa mkononi.

"Mimi nilimpigia Oakes, na nitampigia tena," alisema. "Lakini Baba nilibishana naye saa nzima, na kidole chake hakikutoka kwenye jina la Hostetler. Akaniapisha ninyamaze mpaka vituo vifungwe, kwa sababu alitaka akuambie mwenyewe."