Matawi ya Kona ya Tatu

Simu ilipolia katika ofisi ya habari za barabara, Tusekile aliliona jina kwenye kioo kabla hajapokea. Kihwelo.

"Dada, lori limenizimikia kona ya tatu, hapa mlimani. Niwekee alama kwenye ramani, madereva wanaoshuka waione kwenye simu zao."

"Umeweka matawi barabarani?"

"Kwa mvua hii? Si uweke tu hiyo alama?"

Miaka minne iliyopita pia Kihwelo hakuweka matawi, kwenye kona hiyohiyo, na mume wa Tusekile akalivaa lori lake kwa nyuma. Hata msibani hakuja.

"Mtandao unasumbua," Tusekile alidanganya. "Kata matawi, panda nayo hatua mia. Utakuta msalaba wa chuma kando ya lami. Yaweke hapo, na simu usikate."

Alimsikia akikata matawi, akihema, akiyatukana matope. Kisha ikabaki mvua peke yake.

"Nimefika, dada."

"Soma jina lililo kwenye msalaba."

Alimsikia akifuta matope kwenye chuma.

"Ambilikile," Kihwelo alisema. "Dada, kwani wewe ni nani?"

"Mkewe. Usiondoke hapo. Simama katikati ya barabara na matawi yako, uwapungie wanaokuja."

Kwenye ramani, nukta nyekundu ya lori la saruji ilianza kushuka mlima. Kidole cha Tusekile kilikuwa juu ya kitufe cha alama, na hakikuwa na haraka.