Jina Juu ya Mlango wa Darasa

Asubuhi ya kufungua darasa jipya pale Lisekese, Masasi, Bibi Sijaona alikutwa amelala chali mlangoni, mikono kifuani, pamba puani. Hakuwa amekufa. Alikuwa anatafuna korosho.

"Hakuna kuingia bila kunivuka," alisema. "Na mwanamume atakayenivuka, kwake watoto basi."

Watu walicheka. Ndiyo kazi ya mtani hiyo. Ukoo wa Bibi Sijaona na ukoo wa Padri Anselmo ni watani tangu enzi za mababu. Msibani kwa akina Padri, Bibi anaweza kushuka kaburini akagoma kutoka; harusini anaweza kuondoka na sufuria la pilau zima, na wa kumkasirikia hayupo. Ukimkasirikia mtani, aibu ni yako.

Padri Anselmo peke yake hakucheka. Alichuchumaa.

"Bibi, shikamoo."

"Maiti haamkiwi."

"Bibi, nina mgeni mkubwa kutoka Marekani. Nakuomba, leo utani upumzike."

"Upumzike uende wapi? Nimeshuka kutoka Newala na bodaboda, kiuno kimehama, kwa ajili ya babu yako Kalanje. Mnampa darasa zima, halafu mimi nikae kimya kama mkwe?"

"Basi sema, lakini habari za utumwa usiguse. Kwao hicho ni kidonda."

Bibi akafumbua jicho moja. "Kwao, au kwako?"

Padri akainuka, akaenda kungoja gari la mgeni.

Mgeni mwenyewe, Profesa Lucille Gaines, ndiye aliyemfundisha Anselmo uchungaji huko Alabama, kwenye seminari ya Wamarekani weusi. Si chuo cha mchezo kile. Waliokianzisha walitoka utumwani mikono mitupu, wakakaa kwenye banda la pamba, aliyejua herufi mbili akamfundisha asiyejua hata moja, mpaka wakapatikana wahubiri. Hadi leo mwanafunzi hapandi mimbarini hapo kabla hajasimama mbele ya wenzake akawataja wazee wake waliouzwa. Zamu ya Anselmo ilipofika, alimtaja Kalanje. Akataja mnyororo, na njia ya miguu ya kwenda pwani, na wamisionari waliowapokea watu Masasi. Darasa likalia. Profesa Gaines akamkumbatia, akamwita ndugu.

Huku kwetu mambo hayo hayasemwi. Nyumba nyingi zina babu aliyefika Masasi akiwa ametoka kufunguliwa pingu, na nyumba hizo hizo zitakuapia kwamba alikuwa mwana wa jumbe. Ukizisikiliza zote, mji mzima ulikuwa wa majumbe; aliyekuwa analima sijui nani.

Sasa seminari ile ilikuwa imejenga darasa la kufundishia wachungaji vijana. Walimu wangetoka huko, na vitabu, na hata madawati. Jina juu ya mlango lilikuwa la Kalanje. Vijana wa Padri walikuwa wameshazoea kusomea chini ya mkorosho, mvua ikinyesha wanaifunga Biblia na kukimbia. Mdomo mmoja tu wa Bibi ungetosha kuwarudisha mkoroshoni.

Gari lilipoingia, Padri alilikimbilia kabla halijasimama vizuri.

"Profesa," alisema kwa Kiingereza, "yule bibi ni mtani wangu. Desturi yetu inamruhusu kunizulia lolote. Akimaliza, wewe cheka. Usipocheka, umemvunjia heshima."

Profesa alifurahi. "Hata kwetu vijana wanatukaniana mama zao na hawagombani. Nitacheka, usiwe na wasiwasi."

Mambo yakaenda vizuri. Bibi alikubali kusogea pembeni kwa kupewa soda, ingawa pamba hakuitoa. Profesa akasimama chini ya lile jina, akanyoosha mkono akaligusa. Alisema kwamba wazee wake waliuzwa, na hakuna aliyebaki wa kumwambia kijiji chao wala majina yao. Tangu utoto wake hajawahi kuwa na babu wa kumtaja. Kama wenyeji wangeruhusu, angependa Kalanje awe babu yake pia.

Padri Anselmo ndiye aliyekuwa mkalimani. Hayo aliyatafsiri akiangalia viatu vyake.

Bibi Sijaona akainuka. Watu wakaanza kutabasamu, wakijiandaa. Lakini alitoa pamba puani, akaitupa, akaenda kumshika Profesa mkono.

"Mwanangu," alisema taratibu, "nimekuja na matusi yangu mazuri kabisa, lakini umenigusa moyo, nayaacha. Huyu usimchukue awe babu yako. Kalanje hakufungwa mnyororo. Alikuwa anaushika, akiwaswaga watu kwenda kuwauza pwani. Bibi yake bibi yangu alikuwa mmoja wao, akatoroka, akarudi. Ndugu zake walitaka damu. Wazee wakakaa chini, wakaona kisasi kitatumaliza, wakafunga utani. Ndiyo maana mimi namtukana Anselmo na yeye hanijibu."

Hakuna aliyetabasamu tena. Wazee wa ukoo wa Padri waliinamisha vichwa, mmoja baada ya mwingine, kama watu wanaosikia jambo wanalolijua.

Profesa akamgeukia Padri, akingoja tafsiri.

Padri angeweza kusema lolote. Angeweza kusema Bibi anaomba soda nyingine, na pale hapakuwa na wa kumsahihisha. Padri Anselmo aliinua macho kutoka kwenye viatu vyake. Kisha akatafsiri neno kwa neno, mnyororo na pwani na kisasi, hakuacha hata moja. Alipomaliza alisimama mbele ya mwalimu wake akisubiri hukumu.

Profesa Gaines alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akampiga begani, akarudisha kichwa nyuma, akacheka kwa sauti kubwa kama alivyoahidi, huku akiwatazama watu wote waliokaa kimya na kuwaashiria kwa mkono kwamba nao wacheke.