Gamba la Mwaka Jana

Kila mwaka Kanga aliwaonyesha vifaranga wake gamba alilojivua Nyoka aliyewala kaka zao. "Mkiiona rangi hii, kimbieni!" Na kila mwaka alikuja Nyoka mwingine wa ukoo huohuo, mwenye rangi nyingine, akala akashiba.

"Shoga," jirani yake Kware alimwambia, "rangi wanabadilisha. Ila wote ulimi wao umepasuka ncha. Wafundishe huo."

"Mpaka ulimi uonekane, si keshafika?"

"Basi wafundishe na mbio."

Shingo upande, Kanga akafundisha ulimi. Siku ya tatu, katikati ya somo, vifaranga wote wakatimka, macho yamewatoka.

"Rudini! Hili ni gamba tu!"

Hakuna aliyerudi. Kanga akageuka taratibu. Tawi alilotundikia gamba lilikuwa limetoa ulimi.