Anayeongoza kwa Kufungua

Ofisini kwetu mama yangu ndiye mfano. Kati ya wagonjwa wote wa presha tunaowafuatilia, hakuna anayefungua programu yetu ya simu kama yeye. Bosi akanituma nikamuulize siri yake.

Nilimkuta sebuleni. Kipimo cha presha tulichompa kilikuwa juu ya kabati, bado kimo ndani ya nailoni yake, hata mkanda haujakunjuliwa.

“Mama, hujawahi kupima?”

“Nitapima. Haraka ya nini?”

“Basi programu kutwa unaifungulia nini?”

Alifuta kioo cha simu kwa upindo wa gauni, akabonyeza alama ya moyo. Ikatoka sauti yangu, ile niliyorekodi siku programu inaanza, tulipokosa mtangazaji.

“Shikamoo mzazi wangu. Umeamkaje leo? Dawa umekunywa?”

Kumpigia simu mimi mwenyewe, kila siku nasema kesho.

Nikafungua mdomo niseme kitu. Mama akaninyooshea kidole ninyamaze, akaisogeza simu sikioni.

“Marahaba mwanangu,” akaiambia. “Nimeamka salama. Wewe je?”