Wenye Sifa Zote

Miaka hiyo lango la makaburi lilimfungulia tu mtu aliyelingana na sifa walizoandika wafiwa. Atupele aliketi jikoni na wifi yake, Tusekile, wakiandika kwenye karatasi ya lango sifa za watakaomzika mumewe: awe jirani, awe amewahi kula kwao, awe alimuuguza.

Walipoomba mwenye sifa yoyote kati ya hizo, yalijitokeza kwenye karatasi majina ya nusu ya mji, na lango likayakataa kwa kuwa mengi mno. Walipoomba mwenye sifa zote, halikuja jina hata moja.

"Kula tulijua, kuuguza tukakimbia," alisema Tusekile, macho chini. "Hata mimi dada yake, ninayekaa nyumba ya pili."

"Mliogopa ugonjwa, wifi. Futa hiyo ya kuuguza. Sitaki azikwe na upepo."

Akafuta. Yakatokea majina arobaini, na Atupele akalia kwa faraja.

Kesho yake lango lilipokea jeneza, kisha watu mmoja mmoja, Tusekile akiwamo. Atupele alipofika, halikufunguka.

"Pole, mama," lilisema kwa upole. "Umekula kwake, lakini wewe si jirani yake."

"Mimi ni mkewe!"

"Sifa hiyo haikuandikwa. Na jeneza likishaingia, hakibadilishwi kitu."

Tusekile alirudi mbio akatikisa nondo kwa ndani, akilia, "Jamani, huyu ndiye aliyemuuguza!" Lango likabaki limefungwa.

Baadaye wimbo wa mazishi ukaanza. Atupele akashika nondo, akaitikia akiwa nje.