Maua ya Mhariri Mkuu

Maua meupe ya msiba yaliendelea kupanda na lifti, shada baada ya shada, na Kuo Wen-tai akazidi kununa. Leo ilikuwa siku yake. Miaka kumi na mmoja alikimezea mate kiti cha mhariri mkuu, mzee Lai, leo kakikalia, na hajaletewa hata okidi moja ya pongezi. Simu nayo kimya.

"Lai kafa na bado ananiibia siku yangu," alisema kwa dharau. "Na lile zee kichwa cha habari lilikuwa halijui kukiandika!"

Wafanyakazi wote waliinamia kompyuta zao. Wananiogopa, akawaza Kuo, na roho ikamtulia kidogo.

Aliyemchefua kuliko wote ni Yun-chih, fundi wa mfumo mpya. Binti huyo aliikatakata kila habari na kuitia kwenye visanduku: kichwa mbali, aya mbali, cheo mbali, jina mbali, ili tovuti, simu na skrini za stesheni zichote na kupamba kila moja kwa namna yake.

"Hili ni gazeti," Kuo alimwambia siku ya kwanza, "au duka la mitishamba, kila jani na droo yake?"

Juzi, Lai alipofariki, Kuo mwenyewe ndiye aliyeweka ile fremu nyeusi ambayo magazeti huzungushia jina la marehemu. Yun-chih akaja mbio.

"Kaka Kuo, fremu umekivisha cheo, hujalivisha jina. Itamfuata kila mwenye cheo. Tuirekebishe."

"Cheo, jina, we vipi? Maiti ni maiti! Ukigusa tena ukurasa wangu, kesho utauza chai ya maziwa sokoni."

Dada wa watu akanywea. Hakuugusa tena.

Leo saa mbili asubuhi Kuo alifuta jina la Lai kwenye kisanduku kilicho chini ya cheo cha Mhariri Mkuu, akaandika lake, akabonyeza kitufe cha kuchapisha. Hakwenda kutazama wasomaji wanaona nini. Kutazama ni kazi ya wadogo.

Shada la kumi na nne lilipoingia, uvumilivu ukamwisha. Akauvuta utepe wake, angalau acheke uongo waliomwandikia Lai.

"Kwaheri, Mhariri Mkuu Kuo Wen-tai," utepe ulisema. "Kiti chenyewe hujakikalia hata siku moja."